Namna ya kukusanya na kuandika maisha ya bibi aliyependa watu

Bibi aliyependa watu huacha karatasi chache. Hakuwa na muda wa kuandika shajara, maana kila alipoketi palikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Maisha yake hutayakuta kwenye kabati. Yako kwa mdogo wake anayekumbuka jina alilokuwa akiitwa utotoni, kwa wifi yake anayejua walivyogombana na walivyopatana, kwa jirani aliyezoea kupiga hodi kila asubuhi, na kwa mjukuu ambaye bado ana ujumbe wake wa sauti kwenye simu. Ukitaka kumkumbuka vizuri, inabidi uwazungukie watu hao mmoja mmoja ukiwa na kalamu na kinasa sauti, na urudi na mambo yenyewe aliyoyafanya, maana sifa peke yake hazimwonyeshi.

Kama bibi bado yupo, usingoje. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zinafaa zaidi mwenyewe akiwa ameketi mbele yako.

Nani aanze kuulizwa

Chukua karatasi moja uandike majina katika mafungu manne: waliomjua kabla hajaolewa, waliokutana naye kwa ndoa, yaani mawifi, mashemeji na wakwe, aliowazaa na aliowalea, na majirani, marafiki na wenzake wa kazi. Pembeni ya kila jina weka umri wa kukadiria na hali ya afya. Sasa panga upya kwa umri na afya, usijali nani yuko karibu nawe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaanza na mama yao na shangazi zao kwa sababu ndio wanaoonana nao kila wiki. Shangazi bado utampata mwakani. Rafiki wa bibi mwenye miaka 88 ambaye kumbukumbu imeanza kumponyoka huenda usimpate hata mwezi ujao. Kumbuka pia kwamba hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyemjua akiwa msichana. Fungu la kwanza ndilo lenye watu wachache, na ndilo linalopungua upesi kuliko yote.

Mahojiano ya kwanza yawe ya mtu mmoja peke yake. Ukikusanya watu sita sebuleni, msemaji hodari atasimulia, wengine wataitikia, na kuanzia siku hiyo masimulizi yake ndiyo yatakuwa ya ukoo mzima. Baada ya kila mmoja kusema ya kwake, ndipo uwakutanishe wawili wawili, hasa ndugu waliopishana umri kidogo. Mmoja atasema "alivaa kitambaa cheupe", mwenzake atakataa, "hapana, kile cheupe kilikuja baadaye", na kwenye ubishi huo mdogo yatafufuka mambo ambayo wote wawili walikuwa wameyasahau.

Saa moja inatosha, na usipite saa moja na nusu, maana mzee huchoka kabla hajakuambia kwamba amechoka. Rudi baada ya siku chache. Mara ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza, kwa sababu amekuwa akiwaza usiku, na mara nyingi atakupokea na habari hata kabla hujakaa.

Maswali yanayozaa kitu

Ukiuliza "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "Alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mwenye upendo." Jibu hilo ni la kweli, lakini linamfaa kila bibi. Uliza kuhusu mahali, mikono na saa:

- Ulipofika kwake, ulimkuta amekaa wapi? Mikono yake ilikuwa inafanya nini?
- Neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Alikuwa anakuitaje?
- Alicheka vipi: kwa sauti, kwa kuziba mdomo, au kwa machozi?
- Alipokasirika, mlijuaje?
- Usiku wageni walipojaa, nani alilala wapi?

Halafu kuna maswali ya mtu wa watu hasa, na haya husahaulika. Kuweka ukoo pamoja ni kazi yenye zana na ratiba, na yeye aliifanya kwa miaka mingi pasipo mtu kuiita kazi. Ulizia zana hizo. Alikuwa na daftari la namba za simu, au namba zilikuwa kichwani? Alikumbukaje siku za kuzaliwa za wajukuu wote? Alimtembelea nani siku gani, na nani alikuwa zamu ya kupigiwa simu jioni? Mkwe mpya alipoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, alimpa shughuli gani ili asijisikie mgeni? Watoto wake wawili waliponuniana, alifanya nini, siku ya kwanza na siku ya tatu? Majibu ya maswali haya yana thamani ya pekee, maana baada yake lazima mtu mwingine ayafanye, na huenda hajui hata yalikuwa yanafanyika.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya swali linalofuata. Mzee anapotazama pembeni hajamaliza. Bado anatafuta. Ukimkatiza hapo utapata swali lako limejibiwa na habari yenyewe imepotea.

Usiogope kuuliza mapungufu yake. Bibi asiyekosea kitu hakumbukwi na mtu, ila anasifiwa tu. Kama alikuwa na mjukuu kipenzi na wengine waliona, kama alishindwa kutunza siri, kama alikuwa mbishi wa dawa, viandikwe, kwa upole na kwa mfano.

Kunasa sauti

Simu ya kawaida inatosha. Kabla ya kuanza, futa vitu mpaka pabaki nafasi ya kutosha: sauti isiyobanwa (WAV) hula karibu MB 10 kwa dakika ikiwa ya njia mbili (stereo), na iliyobanwa hula karibu MB 1. Kama nafasi ipo, chagua isiyobanwa. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati ya habari. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni mwa msemaji. Ikiwa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama ngoma. Zima feni, funga redio, na kama kuna saa ya ukutani inayogonga, iondoe chumbani.

Rekodi sekunde 30, sikiliza, ndipo uanze. Maneno ya kwanza yawe yako: tarehe, mahali, jina la msemaji na uhusiano wake na bibi. Miaka ishirini baadaye faili lisilo na utangulizi huo huwa sauti ya mzee asiyejulikana. Mwombe ruhusa hapo hapo, sauti ikiwa inanaswa, na mwambie waziwazi nani ataisikia. Akitaka kusema jambo "ukizima hicho", zima kweli.

Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita, na wengi hukatia tamaa hapo. Kwa hiyo usiandike yote. Sikiliza mara moja huku ukiandika dakika na jambo, mfano: "12:40, alivyomfundisha mkwe kusuka, 31:05, ugomvi wa shamba." Nakili kwa ukamilifu sehemu zile tu utakazozitumia, na uandike kama alivyosema, lafudhi yake na misemo yake, bila kuisanifisha.

Simu ya marehemu

Hii ina haraka kuliko unavyodhani. Laini isiyotumika hufungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Iweke simu chajini, usiirudishe kwenye hali ya kiwandani, wala usimpe mtoto achezee. Hamisha picha, majina ya simu na sauti kwenda kwenye kompyuta.

Halafu waombe jamaa wote waliowahi kutumiwa sauti na bibi wazihifadhi nje ya programu ya ujumbe. Wengi wanazo bila kujua: sekunde tisa za "Umefika salama? Nijulishe." Hizo sekunde tisa zina thamani kuliko picha ya studio, maana ndivyo alivyokuwa siku ambayo si sikukuu. Wanapokutumia picha, wazitume kama faili la hati. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza ubora.

Kama familia ina kanda za kaseti zenye sauti yake, kabla ya kuzicheza vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ule usioonyesha utepe. Vikishavunjika, mashine haiwezi tena kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha icheze mara moja tu, huku ikinakiliwa.

Picha

Picha isiyo na majina hufa pamoja na mtu wa mwisho anayewatambua waliomo. Kwa hiyo majina kwanza, kunakili baadaye. Keti na mzee, picha moja moja, na uulize kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza. Maelezo kamili huwa hivi:

"Mstari wa mbele, kushoto: bibi (ameshika kikapu), mdogo wake wa kike, mtoto asiyejulikana. Nyuma: babu, mjomba mkubwa. Uani kwa babu. Kati ya 1961 na 1963. Ametambua: wifi yake bibi."

Hilo jina la aliyetambua ni la lazima. Akitokea mwingine na kusema yule si mjomba, utajua uzito wa kila upande.

Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembezoni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu, na usikandamize. Wino wa kalamu hupenya na kuonekana mbele. Picha za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, moja moja, na uandike juu ya bahasha kabla ya kuitia picha ndani.

Kwenye skana, tumia dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) kwa picha unayotaka kuichapa kwa ukubwa ule ule, na 600 kwa picha ndogo, maana utataka kuzikuza uone sura. Hifadhi nakala kuu kwa muundo wa TIFF, usiopunguza ubora, na utoe nakala za JPEG, zilizo nyepesi, za kugawana. Nakili na mgongo wa picha pia kama una mwandiko. Huna skana? Piga kwa simu karibu na dirisha, jua lisigonge picha moja kwa moja, bila mwako wa kamera (flashi), simu ikiwa sambamba kabisa na picha. Ukiinamisha, nyuso za upande mmoja zitakuwa ndefu.

Mambo matatu huharibu picha mikononi mwa watu wenye nia njema. La kwanza ni kuibandua picha iliyogandamana na kioo cha fremu: rangi ya uso hubaki kwenye kioo. Iache hapo hapo, uipige picha kupitia kioo kutoka pembe isiyong'aa. La pili ni albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu. Gundi ile huila picha kadiri miaka inavyopita. Ukitaka kuitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kama unakata jibini, na ikikataa acha, nakili ukurasa mzima. La tatu ni kuipaka picha plastiki ya moto kama kitambulisho. Joto na gundi havirudi nyuma, na picha halisi umeipoteza siku hiyo hiyo.

Tarehe zinazogombana

Tarehe ya 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni makadirio ya karani. Usibishane nayo, wala usiiamini peke yake. Tafuta vigingi: "Mlipohamia nyumba ile, alikuwa amembeba nani mgongoni?" Kama mtoto huyo alizaliwa 1961 na alikuwa bado hajatembea, kuhama kulikuwa 1961 au 1962. Andika hivyo hivyo, "1961 au 1962", usichague mwaka mmoja kwa sababu unapendeza. Watu wawili wakisimulia jambo moja kwa namna mbili, weka zote mbili pamoja na majina yao.

Wasifu wa kusomwa

Huu wa kusomwa mazishini ndio huandikwa kwa haraka na uchovu, kwa hiyo uwe na kipimo. Msomaji mtulivu husoma Kiswahili kwa sauti takribani maneno 100 kwa dakika, na akiwa na majonzi hupungua zaidi. Dakika sita ni maneno 600. Andika hayo, yasome kwa sauti huku ukitazama saa, kata.

Sehemu kubwa ya wasifu mbaya humezwa na orodha ya majina na ya magonjwa. Kuzaliwa, wazazi, ndoa na watoto vipewe aya moja. Ugonjwa wa mwisho upewe sentensi moja au mbili. Hakuishi miaka yote ile ili akumbukwe kwa wodi. Idadi ya wajukuu, vitukuu na vilembwe itajwe kwa tarakimu, bila kuwataja wote. Nafasi iliyobaki ni ya matukio mawili au matatu yanayomwonyesha.

Tazama tofauti. Rasimu ya kwanza husema: "Marehemu alikuwa mcheshi, mwenye upendo kwa familia na mkarimu kwa wageni." Baada ya mahojiano unaweza kusema: "Kiti chake kilikuwa kile cha karibu na mlango. Aliketi pale ili mtu yeyote anayepita amsalimu yeye kwanza. Watoto walipomnunulia kiti chenye mto na kukiweka ndani, alikisogeza yeye mwenyewe hadi mlangoni." Upendo haukutajwa, wala ukarimu, lakini kila aliyemjua atatikisa kichwa kukubali.

Makosa yanayoumiza huwa kwenye majina. Mtoto aliyefariki mdogo ni mtoto wake pia. Aliowalea bila kuwazaa watasikiliza kama wametajwa, na kwa maneno gani. Kabla haujasomwa, wape rasimu watu wawili wa matawi mawili tofauti ya ukoo, si wawili wa nyumba moja, wakague majina na mpangilio wa kuzaliwa. Jambo linalomhusu mtu aliye hai, kama vile ndoa iliyovunjika au mtoto wa nje, lisitajwe kabla ya kumwuliza mwenyewe. Likae kwenye kumbukumbu zako, lisikae kwenye kipaza sauti.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, mistari iliyoachana, kurasa zenye namba, na sentensi isikatike mwisho wa ukurasa. Mtu wa pili awe na nakala yake, ameketi karibu, tayari kupokea pale sauti ya kwanza itakapokwama.

Maandishi ya kubaki

Baada ya miezi kadhaa, majonzi yakitulia, ndipo uandike kirefu. Wengi hupanga kwa miaka, kuzaliwa hadi kufa. Kwa bibi aliyependa watu ningeshauri uweke mfuatano wa miaka kwenye ukurasa mmoja mwanzoni, halafu sura zifuate mahali alipokutania na watu: mlangoni, jikoni, kazini, kwenye simu, safarini kwa watoto wake. Habari zitajipanga zenyewe, na msomaji ataona watu wakiingia na kutoka kama ilivyokuwa.

Sura ya jikoni ina ugumu wake, maana yeye alipima kwa kiganja. Mtafute binti au mkwe aliyepika naye miaka mingi, mwombe apike, na uweke bakuli juu ya mizani kabla kila kitu hakijaingia chunguni. Mwache atie kwa mkono kama alivyofundishwa, nawe usome gramu. Andika pia ishara alizotumia badala ya dakika: harufu ikibadilika, povu likitulia, mwiko ukisimama.

Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jambo: 1987-12-00_harusi-ya-binti-wa-tatu. Sifuri mbili maana yake siku haijulikani, na orodha itajipanga kwa wakati. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe nyumba nyingine kabisa. Moto na wezi hawachagui. Mmoja wa wanaotunza awe kijana, na ajue nywila.

Rasimu ikiwa tayari, ichape na pambizo pana upande mmoja, uwapelekee wote waliokusimulia. Asiyeona vizuri msomee, sura moja kwa siku. Watasahihisha, watabisha, na watakumbuka jambo ambalo hawakulisema mara ya kwanza. Andika kila nyongeza kwa kalamu ya rangi nyingine, jina la aliyeisema likiwa pembeni yake, na uache kurasa kumi tupu mwishoni.